Mafuta ya Karai: Dizeli au Sabuni?

Mtu akipita Makina, kitovu cha Wanubi wa Kibera, au akishukia Kawangware, harufu ya karai humpokea: mandazi alfajiri, chipsi jioni. Usiku hubaki mafuta meusi, na mengi huishia mtaroni. Tangu Septemba 2018, mafuta ya taa yalipotozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, si ajabu mama akajiuliza kama yale meusi hayawezi kuwa nishati.

Yawezekana. Mafuta ya mimea yakichanganywa na methanoli, pamoja na magadi makali kidogo ya kuchochea, hugeuka dizeli, na glisarini hutuama chini. Magadi hayo ni ya namna mbili. Hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, hutosha gramu 3.5 kwa lita ya mafuta mapya. Hidroksidi ya potasiamu huyeyuka upesi zaidi katika methanoli, ila yahitajika karibu gramu 5. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yana asidi, basi huhitaji nyongeza, nayo hupimwa kwanza. Maji ya majivu waliyotumia bibi zetu hayafai hapa, kwa kuwa maji huharibu dizeli na kuleta sabuni.

Lakini tutafakari. Methanoli hushika moto kwa mvuke wake tu, na kiasi kidogo kikinywewa hupofusha au huua. Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu nchini Kenya. Je, tuiweke katika chumba kimoja chenye jiko, kitanda na watoto? Isitoshe, dizeli hiyo ni nzito, huziba utambi wa jiko la mafuta ya taa. Dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kumdhuru jirani.

Basi tuifuate sabuni yenyewe. Mafuta ya mawese yaliyochujwa, kilo moja, yataka gramu 135 za kostiki soda na gramu 300 za maji. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Mimina soda katika maji, kamwe usimimine maji juu ya soda. Usitumie sufuria ya alumini, kwani soda huila. Tumia chuma cha pua au plastiki ngumu. Vaa glavu, linda macho, fungua madirisha. Koroga hadi mchanganyiko uwe mzito kama uji, mimina katika kalibu, kisha uache mche wiki nne kabla ya kuutumia. Anayetaka sabuni laini ndiye atafute ile ya potasiamu.

Soda isitiwe katika chupa ya soda ya kunywa. Ikimrukia mtoto, mwoshe kwa maji mengi. Akiimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Kilichokuwa uchafu wa mtaro kitafua kanzu ya Ijumaa. Wabillahi tawfiq.