Betri ya lithiamu: kobalti kwa simu, chuma kwa taa ya ukutani

Betri ya lithiamu hutunza umeme kwa kuhamisha ioni kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ikichajiwa, ioni za lithiamu hutoka upande chanya, hupita kwenye kimiminika na utando wenye vitundu vidogo mno, kisha hujipenyeza kati ya matabaka ya kinywe, madini yaleyale yaliyojaa Mahenge na Ruangwa nchini Tanzania. Taa ikiwashwa ioni hurudi zilikotoka, na elektroni huzunguka kwa njia ya waya.

Upande chanya ndio uliowasumbua wataalamu. Mwaka 1980 John Goodenough, akiwa Oxford, alionyesha kuwa oksidi ya kobalti hutoa volti 4. Akira Yoshino akaioanisha na kaboni mwaka 1985, na Sony ikaiuza mwaka 1991. Lakini kobalti ni ghali, sehemu kubwa yake hutoka Kongo, na ikipata joto kupita kiasi huachia oksijeni. Ndiyo maana moto wa betri hauzimiki kwa kufunikwa blanketi: unajilisha wenyewe.

Mwaka 1997 kundi la Goodenough lilileta fosfati ya chuma. Humo fosforasi huishika oksijeni kwa nguvu, haiachii kirahisi. Mwanzoni ilipitisha umeme kwa shida, mpaka ikasagwa laini sana na kupakwa kaboni. Kwa chaji ileile ni nzito kuliko ya kobalti, ila huchajiwa maelfu ya mara kabla ya kuchoka. Kwa simu ya mfukoni uzito huo ni kero. Kwa taa ya sola iliyopigiliwa ukutani Zirai, kwenye milima ya Usambara, kuchukua nafasi ya kibatari na moshi wake, si neno.

Hali ya hewa nayo ina sauti. Kuchaji chini ya nyuzi 0 hutandaza lithiamu juu ya kinywe na kuharibu betri, lakini baridi ya Usambara, hata ile ya Julai, kwa kawaida haifiki huko. Adui ni joto: betri ya Tanga mjini huzeeka upesi kuliko ya Lushoto, na iliyoachwa juu ya bati la jua kali huwahi zaidi.

Betri iliyovimba imejaa gesi. Haitobolewi wala kuchajiwa tena, kwa kuwa ikishika moto moshi wake huweza kuwa na floridi ya hidrojeni, inayounguza macho na mapafu.