Programu ya Hosi Iliyozaliwa Eldoret Inaendeshwa na Nani? Inaweza Kuwa Wewe

Ushawahi ingia hosi, daktari akacheki kompyuta na kujua dawa ulizopewa mwezi jana? Hiyo inaweza kuwa KenyaEMR, inayotumika kwa mamia ya vituo vya afya Kenya. KenyaEMR imejengwa juu ya OpenMRS, na stori ya OpenMRS haianzii Silicon Valley. Inaanzia huku kwetu Rift.

Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Ilisaidia, lakini wagonjwa wa HIV walipoongezeka kwa mradi wa AMPATH Eldoret, mfumo ukazidiwa. 2004, madaktari wawili kutoka Indiana, Burke Mamlin na Paul Biondich, wakaanza kuunda kitu kikubwa zaidi. Februari 2006 kikawashwa Eldoret. Leo kiko nchi zaidi ya 40.

OpenMRS ni programu huria. Maanake kodi yake (ya kompyuta, si ya KRA) iko wazi: unaisoma, unaibadilisha, unaitumia bila kulipa mtu. Lakini bure haimaanishi inajitunza. Kugo alipanda chai, sawa, ila ikikosa mchumaji wiki chache majani yanakomaa na kiwanda hakiyataki. Programu nayo ni hivyo. Kila siku kuna kosa la kurekebisha, mlango wa kufungia wahaka, na mgeni anayeuliza swali lile lile la jana.

Anayefanya hizo kazi anaitwa mtunzaji. Yeye ndiye anasoma mabadiliko uliyotuma na kuamua yaingie au yakae nje. Shida ni kwamba watunzaji wanazeeka, wanapata watoto, wanapata kazi ingine. Wengine wanachoka tu.

Na wakichoka, mambo yanaweza kuwa moto. Cheki kesi ya xz, kaprogramu ka kubana mafaili kanakokaa ndani ya Linux nyingi duniani. Lasse Collin wa Finland aliitunza karibu peke yake, bila mshahara. 2022 alisema wazi kwamba afya ya akili inamsumbua, huku akaunti fulani zikimpigia kelele alete mtu mwingine. Jamaa anayejiita Jia Tan alikuwa tayari ameanza kusaidia, mpole, mchapakazi. Akapewa funguo. Mapema 2024 akaficha mlango wa siri ndani ya toleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyemshika ni Andres Freund, injinia wa Microsoft, na ni kwa sababu tu kuingia kwa mashine yake kulichelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde, maze! Hadi leo hakuna anayejua hadharani Jia Tan ni nani.

Kwa hivyo mradi ukitafuta watu wapya, hauwezi kugawa funguo kama mandazi. OpenMRS wanapanga madevelopa kwa ngazi: wote wanaanzia dev/null, halafu dev/1 hadi dev/5, na unapanda kwa kazi iliyoonekana. Kuna kazi ndogo zimewekwa alama kwa wanaoanza. Kwangu hapo ndipo mradi unafaulu ama unakufa. Msee akituma rekebisho lake la kwanza na akae miezi bila jibu, harudi. Akijibiwa haraka, hata kama ni kuambiwa "rudia hapa", kesho yuko tena. Baadaye anaanza kukagua kazi ya wengine, na hapo ndipo mtunzaji anazaliwa.

Doh je? Ukweli, mwanzo ni bure. Ila tangu 2007 OpenMRS imekuwa ikishiriki Google Summer of Code, ambapo Google inalipa wanaoanza wakifunzwa na wazoefu. Lazima uwe umefika miaka 18, na anayekubaliwa kirahisi ni yule ameshaonekana akifanya kazi kabla ya kuomba.

Unahitaji lapi, Java ama JavaScript, na akaunti ya GitHub. Huna lapi? Kuna kutafsiri maneno ya kwenye skrini kuingia Kiswahili, ili nesi na mgonjwa waongee lugha moja. Hiyo simu yako na bando za usiku zinatosha.