Je, Wajua? Maziwa Meupe Huweza Kuficha Ugonjwa

Ng'ombe anaweza kuugua kiwele huku maziwa yake yakionekana safi kabisa: hayana mabonge, hayana damu, wala chuchu haijavimba. Mwaka 1957, Schalm wa Chuo Kikuu cha California, pamoja na Noorlander, walieleza kipimo rahisi cha kuufichua ugonjwa huo. Maziwa ya kila chuchu hukamuliwa katika kikombe chake kwenye kibao chenye vikombe vinne, kisha huongezwa dawa ya aina ya sabuni kwa kiasi kile kile. Kibao kikizungushwa, sabuni hupasua seli nyeupe za damu zilizokimbilia kiwele kupigana na vimelea, na vinasaba vilivyomo huyafanya maziwa yavute kama mlenda. Ukiona hivyo, mfugaji, mwite daktari wa mifugo, na ng'ombe huyo mkamue wa mwisho.