Kabla ya kuuza kompyuta, tafuta folda ya mchezo

Wanafunzi wangu wanaovuka mpaka na wazazi wao huniuliza: nilipofikia mchezoni patabaki huku? Kwa PlayStation 2 ya mwaka 2000 jibu lilikuwa rahisi. Hatua zilikaa kwenye kadi ya megabaiti 8, ukaitia mfukoni ukaondoka. Kwenye kompyuta mtengenezaji hujichagulia pa kuweka, mwenye mashine haulizwi, jambo ambalo naona si haki. GTA San Andreas, hata ukiuweka diski D, huhifadhi faili zake kwenye Documents, folda ya GTA San Andreas User Files, ambayo kwa kawaida iko diski C. Fundi akiisafisha C, miezi ya mtoto imekwenda. Inakili kwenye flashi. Uendako irudishe mahali pale pale, mchezo utaendelea.