Bunia hadi Kasenyi kwa pikipiki: kilomita chache, siku nzima

Kwa mkazi wa Bunia, bahari iko mbali. Kuifikia Mombasa kwa barabara ni lazima kuvuka Uganda kutoka magharibi hadi mashariki, kisha Kenya nzima. Lakini mji huu, makao makuu ya jimbo la Ituri, una pwani yake ya karibu: mwambao wa Ziwa Albert, penye bandari za wavuvi za Kasenyi na Tchomia. Hadi Kasenyi ni zaidi kidogo ya kilomita 50, na mtu aliye peke yake juu ya pikipiki anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kazi ni kurudi kabla ya giza.

Maandalizi huanza jioni ya kuamkia safari. Mnyororo unakazwa, breki zinajaribiwa, tangi linajazwa. Petroli ya chupa huuzwa kando ya barabara na vijana ambao Wakongomani huwaita kadhafi, lakini si kila sehemu utawakuta. Asiye na abiria hana pia wa kumsukumia pikipiki ikizima, wala wa kumtuma kutafuta fundi. Kwa hiyo tyubu ya akiba, viraka, pampu na spana hufungwa nyuma ya kiti pamoja na maji ya kunywa.

Vitambulisho navyo havisahauliki. Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kuanzia 6 Mei 2021, hali ya dharura iliyotangazwa na serikali ilipoanza kutekelezwa humo na katika Kivu ya Kaskazini. Barabarani kuna bariyeri, na dakika za kusimama kwenye kila moja hukata muda wa safari. Hapa karibu na ikweta mchana ni wa saa kumi na mbili tu, mwaka mzima.

Kilomita takribani 25 kutoka Bunia, barabara inaingia Bogoro. Kijiji hiki kiko kwenye njia panda: njia moja inakwenda Geti, nyingine inashuka ziwani. Wakati wa vita vya Ituri, aliyeshika Bogoro alishika njia kati ya Bunia na ziwa, na wapiganaji wa UPC waliweka kambi yao katikati ya kijiji, penye shule.

Alfajiri ya 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa. Waendesha mashitaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, walisema watu takribani 200 waliuawa. Mwaka 2014 mahakama hiyo ya The Hague ilimtia hatiani Germain Katanga kwa kusaidia uhalifu huo, yakiwemo mauaji na uporaji, na kumhukumu kifungo cha miaka 12. Mwaka 2017 majaji waliamuru waathiriwa 297 wapewe fidia, ikiwemo dola 250 za ishara kwa kila mmoja.

Leo wapita njia hununua ndizi hapo na kuendelea. Lakini anayesafiri peke yake huuliza kwanza hali ya barabara mbele. Kundi la FRPI lilitia saini makubaliano ya amani na serikali Februari 2020, hata hivyo habari za uvamizi katika eneo la Irumu hazijakoma. Motari anayetoka chini, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, huaminika kuliko tetesi za mjini.

Baada ya Bogoro ardhi inaporomoka kuelekea Bonde la Ufa. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mita 619. Kwenye mteremko, mzoefu huweka gia ndogo na kuiacha injini ishike mwendo, maana breki zikipata moto hazishiki tena. Kiangazi, kokoto huteleza chini ya tairi. Masika, tope hujaa kwenye madigadi na gurudumu likakataa kuzunguka. Joto linaongezeka kadiri unavyoshuka, na koti lililofaa asubuhi linavuliwa.

Kasenyi, mitumbwi imekwisha kutia nanga na wanunuzi wanapatana bei ya tilapia na sangara, ambaye Kongo anaitwa kapiteni. Ng'ambo ya maji ni Uganda. Mwanzoni mwa 2018, makumi ya maelfu ya watu waliokimbia mapigano ya Djugu walivuka ziwa hili kwa mitumbwi kwenda Hoima, na wengine walizama.

Hapo ndipo hesabu ngumu inapofanyika. Kusubiri mtumbwi uliochelewa ni kupata samaki wengi zaidi, pengine kwa bei nafuu, lakini kupanda na mzigo huchukua muda mrefu kuliko kushuka mtupu. Mvua ikinyesha mchana, mlima unaweza kufunga njia kabisa. Na samaki nao hawasubiri: barafu ikiyeyuka njiani, faida imekwisha.

Wenye busara hugeuza pikipiki jua likiwa bado juu, hata kama kikapu hakijajaa. Aliyechelewa hulala ziwani na kupanda kesho yake. Bunia, mama anayechagua kapiteni sokoni jioni haoni mlima wala bariyeri, lakini vyote viwili vimo ndani ya bei anayoilalamikia.