Mkereketwa na Mwenye Kadi

Ndugu msomaji, katika mikutano ya hadhara msemaji huanza kwa kuwasalimu "wanachama, wakereketwa na wapenzi wa chama chetu." Watu hupiga makofi, lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini yametajwa majina matatu.

Mwanachama, ambaye Waingereza humwita "member", amejiunga kwa hiari, ana kadi, analipa ada na anabanwa na katiba ya chama. Mpenzi, yaani "supporter", anaunga mkono tu. Mkereketwa ametokana na kukereketa, yaani kuwasha kama koo linavyowasha. Jambo la chama humwasha moyoni hata asiweze kunyamaza, awe na kadi au asiwe nayo. Wapo wanaomtafsiri kuwa "sympathizer", lakini huyo wa Kiingereza amepoa: anakubaliana na hoja, kisha anabaki nyumbani kwake.

Lipo pia neno "fellow traveller", yaani msafiri mwenza. Asili yake ni Kirusi. Katika miaka ya 1920 Leon Trotsky aliwaita hivyo waandishi waliokwenda na mapinduzi bila kuingia chamani. Huko Marekani, miaka ya 1950, neno hilo lilikuwa shutuma ya kumponza mtu kazini.

Hatari hiyo haiko mbali nasi. Tumchukue mkulima wa uwele wa Mvumi, mkoani Dodoma. Leo anasikiliza chama hiki chini ya mbuyu, kesho anakwenda kusikiliza kingine, amevaa fulana aliyogawiwa. Jirani anamwita msaliti. Je, amemsaliti nani, ikiwa hakuahidi popote?

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na Ibara ya 20 ya Katiba inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Mwanajeshi amekatazwa kabisa kujiunga, lakini kura yake anayo.

Ila asiye na chama hupiga kura tu, hagombei. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Dodoma, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, ilikubali mgombea binafsi. Katiba ikarekebishwa kumzuia. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, ilisema zuio hilo linavunja haki. Hata hivyo, chaguzi za 2015 na 2020 zilifanyika bila mgombea wa namna hiyo.

Basi, ndugu msomaji, mwanachama mdai ada na utii. Mpenzi mdai nini? Huyo hushawishiwa kwa hoja, na fulana si kadi.