Aliyepokea ni Nani? Istilahi za Malipo ya Benki kwa Wauzaji wa Mtandaoni

Katika kazi ya kuunda istilahi, tumezoea kulipima neno kwa ufupi wake, usahihi wa maana yake na ulinganifu wake na sarufi ya Kiswahili. Ni nadra kuulizwa kama neno limemtia mtu hasara. Swali la namna hiyo lilitufikia hivi karibuni, nasi tumeona ni wajibu wetu kulijibu mbele ya wasomaji wote.

Mama mmoja mshonaji alitangaza cherehani yake mtandaoni. Akapatikana mnunuzi, wakapatana bei, naye mama akampa namba ya akaunti yake ya benki. Siku ya kuchukua cherehani mnunuzi alimwonyesha katika simu yake taarifa ya benki yenye maneno haya: “Malipo yamepokelewa.” Mama akasoma, akaridhika, akatoa cherehani. Siku tatu zikapita bila shilingi kuingia. Alipokwenda benki hakuelezwa yaliyotendeka katika akaunti ya mtu mwingine, maana hiyo ni siri ya mteja. Alielezwa tu kwamba taarifa ya namna ile huweza kuwa na maana kuwa benki ya mlipaji imepokea agizo la kulipa. Na kwamba agizo lililowekwa kwa siku ya mbele huweza kufutwa na mwenyewe kabla ya siku hiyo kufika. Mama akatuandikia swali moja tu: “Aliyepokea ni nani?”

Swali hilo ni la kibenki, lakini kwanza ni la lugha. Kauli ya kutendwa humficha mtenda. Tukisema “malipo yamepokelewa”, sarufi haitudai kumtaja mpokeaji, na kila msikilizaji humjaza anayemtaka. Benki ilijitaja yenyewe kimoyomoyo. Mama alijiona yeye. Tapeli alisimama katikati ya maana hizo mbili, akaondoka na cherehani.

Inafaa kukumbuka kwamba Kiswahili hakikuanza jana kuzungumzia fedha zinazosafiri. Neno “hawala” tulilipata kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kugeuza na kuhamisha, na kwa miaka mingi wananchi wametumia hawala za posta kupelekeana fedha. “Hundi” ilitufikia kwa njia ya wafanyabiashara wa Kihindi. Katika mzizi huohuo tumepata kitenzi “hawilisha”, na leo “uhawilishaji fedha” ni neno linalofahamika hata vijijini kwa sababu ya ruzuku zinazotolewa na TASAF kwa kaya maskini. Kwa hiyo tatizo letu si uhaba wa maneno. Tatizo ni kwamba safari ya fedha ina vituo kadhaa, nasi tumeviita vyote kwa neno moja.

Vituo hivyo ni kama ifuatavyo:

(a) Agizo la malipo. Mlipaji anaiambia benki yake imlipe fulani. Hapa hakuna fedha iliyotoka. Kuna maneno tu, na maneno huweza kufutwa au kukataliwa, kwa mfano akaunti ikiwa haina fedha za kutosha.

(b) Malipo yanayosubiri. Agizo limekubaliwa lakini halijafika. Akaunti zote mbili zikiwa katika benki moja, kituo hiki aghalabu hupita mara moja. Zikiwa katika benki mbalimbali, inategemea njia iliyotumika. Mfumo wa TISS, unaoendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania tangu mwaka 2004, hulipa agizo mojamoja kwa ukamilifu katika saa zake za kazi; agizo lililochelewa hungoja siku ya kazi inayofuata. Mfumo mpya zaidi wa TIPS, ulioanza kutumika katika miaka ya 2020, huziunganisha benki na kampuni za fedha za simu ili malipo yafike papo hapo.

(c) Fedha zilizoingia. Akaunti ya mlipwaji imeongezeka, naye anaweza kuzitoa au kuzitumia. Hiki ndicho kituo cha mwisho, na hiki peke yake ndicho kimhusucho muuzaji.

Katika kituo cha (c) kuna tofauti nyingine inayotakiwa kuangaliwa. Mtu akiweka hundi katika akaunti yako, huenda benki ikaandika kiasi chake katika daftari kabla hundi hiyo haijalipwa na benki iliyotoka. Ikikataliwa, kiasi hicho hufutwa. Tunapendekeza kiasi kilichoandikwa kiitwe “salio la daftari”, na kiasi kinachoweza kutumika bila kikwazo kiitwe “salio huru”. Muuzaji asitoe mali yake kwa kutazama salio la daftari.

Sasa tutazame kitenzi “lipa”. Mnunuzi anaweza kusema “nimelipa” wakati wowote apendapo. Lakini “nimelipwa” ni kauli ya mlipwaji. Hakuna mtu mwingine awezaye kuisema kwa niaba yake. Picha katika simu ya mnunuzi, ujumbe mfupi uliotoka katika namba usiyoijua, au risiti iliyochapwa kwa nembo ya benki, vyote hivyo ni “nimelipa”. Vyote huweza kughushiwa, na hata vikiwa halali, kama tulivyoona, huenda vinazungumzia kituo cha (a). Ili muuzaji aweze kusema “nimelipwa” hana budi kuifungua akaunti yake mwenyewe: kwa programu ya benki aliyoiweka yeye katika simu yake, kwa mashine ya kutolea fedha, au kwa kufika tawini. Asipitie kiungo alichotumiwa na mnunuzi.

Jozi nyingine ya maneno yanayochanganywa ni “marejesho” na “ubatilishaji”. Marejesho hufanywa na mlipwaji kwa hiari yake: anatoa fedha zake na kumrudishia mtu. Ubatilishaji hufanywa na benki: muamala wenyewe unatanguliwa. Tofauti hii ndiyo inayotumiwa katika hila ya malipo ya ziada. Mnunuzi anadai kwamba amelipa shilingi 500,000 kwa kitu cha shilingi 300,000, na anaomba arudishiwe 200,000 haraka, pengine kwa namba nyingine kabisa. Muuzaji anafanya marejesho. Baadaye malipo ya kwanza yanabatilishwa, kwa kuwa hundi ilikuwa mbovu au akaunti iliyolipa iliibwa. Hapo muuzaji amepoteza mali pamoja na 200,000 zake. Dawa ni kutorejesha kwa mkono wako. Iombe benki ikishughulikie kiasi kilichozidi, ili kirudi katika akaunti ileile kilikotoka.

Vilevile jina la mlipaji lilinganishwe na jina la mnunuzi. Ikiwa anayenunua ni mmoja na akaunti iliyolipa ni ya mwingine, ulizo la upole si utovu wa adabu. Mwenye akaunti akija kulalamika kwamba aliibiwa, fedha hizo huweza kuzuiwa hata baada ya mali kuondoka.

Mwisho, tutenganishe “namba ya akaunti” na “namba ya siri”. Zote zimeitwa namba, lakini kazi zake ni tofauti. Namba ya akaunti ni kama anuani: anayetaka kukuletea kitu lazima aijue. Namba ya siri, nywila, na ile namba ya mara moja inayoletwa na benki kwa ujumbe mfupi, ni funguo. Anayekuletea fedha anahitaji anuani; haitaji ufunguo. Akiuomba, amekwisha kujitambulisha.

Kwa hayo tunapendekeza kwa benki na kwa watengenezaji wa programu kwamba neno “yamepokelewa” lisitumike peke yake katika taarifa za malipo. Mahali pake paandikwe “Benki imepokea agizo lako” katika kituo cha (a), “Malipo yanasubiri” katika kituo cha (b), na “Fedha zimeingia katika akaunti ya mlipwaji” katika kituo cha (c). Maneno haya ni marefu kidogo, lakini yanamtaja mtenda, na urefu huo ni gharama ndogo kuliko cherehani.

Tunawaomba wasomaji, hasa watumishi wa benki na wafanyabiashara, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya kabla hayajapelekwa mbele kwa kusanifiwa. Na mama aliyetuandikia tunamjibu hivi: iliyopokea ilikuwa benki, tena ilipokea maneno tu. Wewe ulikuwa hujalipwa.